Ramani ya Penseli

Kwa wiki tatu sasa, kila baada ya sala ya Isha, mimi na mpwa wangu huketi sebuleni kwetu Chumbageni, Tanga, tukiwa na kompyuta, daftari la hesabu lenye miraba, penseli na kifutio, tukashuka katika mahandaki ya Wizardry, mchezo ulioundwa na Andrew Greenberg na Robert Woodhead na kutolewa mwaka 1981 kwa kompyuta za Apple II. Tunacheza toleo la Digital Eclipse la mwaka 2024, ambalo limevishwa picha mpya, lakini chini yake inafanya kazi programu ileile ya zamani.

Toleo hili lina ramani inayojichora yenyewe. Nimeamua tusiitumie, kwa sababu naamini kuchora ndiko kiini cha mchezo wenyewe. Mahandaki yana ghorofa 10 kwenda chini, kila moja ikiwa na miraba 20 kwa 20, na mchezaji wa wakati ule alilazimika kuandika mwenyewe kila ukuta na kila mlango. Ipo miraba inayokugeuza bila kukuarifu, ukadhani unaelekea kaskazini kumbe unarudi kusini. Yapo maneno ya uchawi, DUMAPIC, yanayokueleza uko umbali gani kutoka kwenye ngazi za kutokea. Lakini yanatoka katika akiba ileile ya uchawi inayotumiwa na KATINO, maneno yanayolaza maadui usingizi, na akiba hiyo hairudi mpaka ukalale kwenye nyumba ya wageni juu ya ardhi. Kwa hiyo kila unapouliza ulipo, umejipunguzia kinga.

Nilipokuwa mdogo tulipelekwa kwenye mapango ya Amboni, na kiongozi wetu alituambia tuzihesabu kona tunapoingia, si tunapotoka. Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi wiki hizi.

Wiki iliyopita kikosi chetu chote cha watu sita kiliuawa katika ghorofa ya pili. Katika mchezo huu huwezi kurudi nyuma ukaanza upya dakika chache kabla ya msiba: maiti hubaki palepale zilipoanguka, na ukizitaka huna budi kuunda kikosi kingine kizifuate. Kwa kuwa kikosi hakizidi watu sita, wanne walio hai huweza kurudi na maiti mbili tu. Tulikwenda mara tatu. Mpwa wangu alishika daftari, akifuata mstari kwa kidole, na katika safari ya pili, nilipotaka kukata kushoto, alisema kwa utulivu, "Hapana, Mjomba, hapo ndipo panapotugeuza." Alikuwa sahihi, alama aliiweka mwenyewe siku nne kabla.

Katika hekalu la mchezo, ambako wafu hufufuliwa kwa malipo, tulilipa dhahabu yetu yote. Watano walifufuka. Kuhani wetu aligeuka majivu, na jaribio la pili liliposhindikana, mchezo ulimfuta kabisa. Sioni kwamba huo ni ukatili wa bure, kwani bila hofu hiyo nisingeijali hata kidogo ile mistari ya penseli.

Mpwa wangu hakusema neno. Alifungua ukurasa wa ghorofa ya pili, akautafuta mraba tulipoanguka, akaandika ndani yake jina la kuhani kwa herufi ndogo sana ili lienee.