Trekta dogo limekubali kuwaka bila kuzimika
Trekta letu dogo la bustani hapa Mukono, Uganda, ambalo injini yake ya silinda moja ina umri kumzidi kijana anayeliendesha, lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi na kuzimika baada ya dakika chache za kazi. Fundi alibadilisha plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Pesa ikaenda, ugonjwa ukabaki. Jumamosi nilifungua mwenyewe kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikakuta utando wa rangi ya chai ulioachwa na petroli ya msimu uliopita, na kumbe tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi lilikuwa limezibwa na vumbi jekundu, hivyo petroli haikuweza kushuka. Nilizibua kwa sindano, nikamwaga pia oili ya zamani ya injini, nyeusi kama lami. Siku hizi, kabla ya kulilaza kwa muda mrefu, nafunga koki ya petroli na kuliacha lingurume hadi kabureta ikauke.