Neno "sheri" halikuambii kama ni tamu

Maelezo ambayo sheri hupewa mara nyingi ni haya: mvinyo mkali, mtamu, wa Uhispania. Uhispania ni kweli. Ukali una utata wake, maana ukisema pombe kali msomaji anawaza kitu cha asilimia 40, na sheri huwa kati ya 15 na 22. Utamu ndio unaopotosha kabisa. Sheri aina ya fino ina chini ya gramu 5 za sukari kwa lita, yaani ulimi hauzisikii. Sheri aina ya Pedro Ximénez inatakiwa iwe na gramu zisizopungua 212 kwa lita, na humiminika kama asali. Zote mbili ni sheri halali. Kwa hiyo anayetafsiri "glasi ya sheri" kuwa "glasi ya mvinyo mtamu" amebahatisha tu.

Neno lenyewe ni jina la mji. Mji huo ni Jerez de la Frontera, kusini mwa Uhispania, na Waarabu walipoutawala waliuita Sherish. Wahispania waliandika Xerez, na zamani hizo herufi x kwao ilitamkwa sh. Waingereza walilidaka jina wakati huo huo, wakasema "sherris". Baadaye Wahispania wakabadili matamshi, sh ikahamia kooni ikawa kh, na tahajia ikawa Jerez. Ndiyo maana leo neno la Kiingereza liko karibu zaidi na la Kiarabu kuliko lilivyo la wenye mji wao.

Na ile s ya mwisho ilikwenda wapi? Waingereza waliisikia kama alama ya wingi, wakaiondoa ili wapate umoja: "sherry". Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuwacheka. Sisi tulisikia madigadi ya gari tukadhani ma- ni ya wingi, tukapata digadi moja. Na kipilefti kimezaa vipilefti bila aibu yoyote.

Katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 16 na 17 utakutana pia na "sack". Hilo lilikuwa jina pana la mivinyo ya aina hii iliyotoka Uhispania na visiwa vya Kanari, na "sherris-sack" ilikuwa ile ya Jerez. Falstaff, mhusika mpenda ulevi katika tamthilia za Shakespeare, ana hotuba nzima ya kuisifu. Halina uhusiano na gunia, ingawa tahajia ni ile ile, na mtego huo umewanasa wengi.

Sasa tuje kwenye maneno yanayosumbua zaidi: mvinyo wa kundi hili, ambao Waingereza huuita "fortified wine", tuuiteje kwa Kiswahili? "Mvinyo ulioimarishwa" naona haufai. Unaleta picha ya unga uliotiwa madini na vitamini. Kinachofanyika ni kuongeza spiriti ya zabibu, yaani pombe kali iliyokenekwa, ndani ya mvinyo, basi tuseme hivyo: mvinyo ulioongezewa spiriti. Maneno ni marefu, ila msomaji anajua mara moja nini kimeingia kwenye pipa.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Tuseme mvinyo umemaliza kuchachuka ukiwa na asilimia 11.5 ya kileo, na spiriti ni ya asilimia 96. Ili ufike 15, toa 11.5 kwenye 15, upate 3.5, toa 15 kwenye 96, upate 81, gawanya 3.5 kwa 81. Jibu ni kama lita 4.3 za spiriti kwa kila lita 100 za mvinyo. Ukitaka 17, hesabu ile ile inakupa lita 7 hivi. Spiriti haimwagwi ikiwa tupu: ikiingia kali namna hiyo, mvinyo huchafuka ukapoteza uangavu wake. Watu wa Jerez huichanganya kwanza nusu kwa nusu na mvinyo, wakaiacha itulie, ndipo mchanganyiko huo ukaingizwa taratibu.

Tofauti ya 15 na 17 inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Kwenye 15, hamira za asili huota juu ya mvinyo zikafanya utando mweupe uliokunjamana, unaoitwa flor, yaani ua. Pipa la lita 600 hujazwa kama lita 500 tu ili utando upate hewa. Utando huo hula kileo na gliserini, huzuia hewa isiguse mvinyo, na huuachia harufu ya tufaha bichi, unga wa mkate na lozi. Hiyo ndiyo fino, rangi yake ya majani makavu. Ikikomazwa Sanlúcar de Barrameda, karibu na bahari, jina linakuwa manzanilla. Ukipandisha kileo hadi 17, utando hauishi. Hewa inafanya kazi yake, mvinyo unakuwa kahawia, una harufu ya jozi na ngozi, na unaitwa oloroso, maana yake yenye harufu. Amontillado ni ile iliyoanza chini ya utando, kisha utando ukafa au ukauawa kwa kuongezewa spiriti, ikaendelea kukomaa kwa hewa. Zote hizi kwa asili hazina utamu.

Usichanganye utaratibu huu na ule wa mvinyo wa Porto, Ureno. Kule spiriti huingizwa wakati zabibu bado zinachachuka. Kwa kipimo cha jadi, lita 435 za maji ya zabibu hukutana na lita 115 za spiriti ya asilimia 77, na hamira hufa kabla hazijamaliza sukari. Utamu hubaki ndani, kileo kikafika 20 hivi. Jumla yake ni lita 550, ambayo Wareno huiita pipa. Neno letu pipa ni hilo hilo, na mvinyo nao tuliupata kwao, kutoka "vinho". Basi Porto ni tamu kwa sababu uchachukaji ulikatizwa. Sheri tamu ni tamu ama kwa sababu zabibu zilianikwa juani, kama Pedro Ximénez, ama kwa sababu sheri isiyo tamu imechanganywa na iliyo tamu. Hapo ndipo lebo huandika medium au cream.

Kisheria, jina limepiganiwa sana. Mwaka 1967 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba "sherry" peke yake ni mvinyo wa Jerez, lakini ikaruhusu majina kama "British Sherry" na "South African Sherry" kwa kuwa wenye jina walikuwa wamenyamaza muda mrefu mno. Kuanzia 1996 Umoja wa Ulaya ukalihifadhi jina kwa eneo la Jerez tu. Australia nayo ikabuni "Apera" kwa ajili ya mivinyo yake ya mtindo huo. Kwa hiyo ukitafsiri riwaya ya miaka ya 1970 na mhusika ananunua sheri ya Uingereza, mwandishi hajakosea, na wala usimsahihishe. Jambo la karibuni zaidi ni kwamba kanuni za Jerez sasa hazilazimishi kuongeza spiriti ikiwa mvinyo umefika kiwango cha kileo wenyewe. Maelezo ya kamusi yanayoanza na "mvinyo ulioongezewa spiriti" sasa yanahitaji "kwa kawaida" mbele yake.

Kwenye kuandika, mimi huiweka ngeli ya i-/zi-: sheri hii, sheri hizi. Malizia na i, tafadhali. Ukiandika shere msomaji atadhani anachezwa shere, na ukiteleza hadi shari umeleta ugomvi mezani.

Jikoni kosa hubadilika kidogo. Mapishi yakisema sheri kavu, kavu maana yake isiyo na sukari: tumia fino au amontillado. Ukiweka sheri ya cream, yenye gramu 115 hadi 140 za sukari kwa lita, mchuzi wa nyama unakuwa kama sharubati na ukikaukia sufuriani unaungua upesi. Ile inayouzwa kama sheri ya kupikia huwa imetiwa chumvi, hivyo punguza chumvi ya chakula kabla hujaonja, maana ukishazidisha hakuna kurudi nyuma.

Chupa iliyofunguliwa nayo haina jibu moja. Fino iliishi bila kuguswa na hewa, ndiyo maana ikifunguliwa huchoka haraka: iweke kwenye friji, imesimama, uimalize ndani ya wiki moja. Oloroso imeshazoea hewa tangu pipani na hukaa mwezi au miwili. Pedro Ximénez hudumu zaidi, sukari inailinda. Anayesema sheri haiharibiki kwa kuwa imeongezewa spiriti huenda hajawahi kunywa fino iliyosahaulika kabatini. Rangi inakuwa nzito, ile harufu ya mkate inapotea, na kinachobaki ni kama tufaha lililokatwa likaachwa wazi.