Hilux inakunywa maji, chini hakuna hata tone

Gari likipungukiwa maji na chini pakavu, mafundi wengi jibu lao ni moja: gasketi ya hedi, ile pakingi inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Hilux yangu ya zamani, yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ilihukumiwa hivyo hata boneti halijafunguliwa. "Kaka, hapo hamna mjadala. Tunashusha hedi, tunapeleka kuskimu." Kuskimu ni kusawazisha uso wa hedi kwa mashine. Nikamwambia fundi asubiri kwanza. Hedi ukishaishusha, gharama haziishii kwenye gasketi.

Gari hili kazi yake ni ndizi. Alfajiri tunashuka Tukuyu, mchana tunarudi na mzigo hadi soko la SIDO, Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kwa kuwa njiani kuna mlima wa Isyonje, kila mtu aliulaumu mlima. Ila geji ya joto ilikuwa inakaa katikati hata tukiwa tumejaza.

Nikaanza na dalili za gasketi. Asubuhi injini ikiwa imepoa, nilibinya hozi ya juu ya rejeta: laini, haina presha iliyolala humo usiku kucha. Nikafungua mfuniko wa rejeta, nikawasha: hakuna mapovu yanayopanda mfululizo. Kijiti cha oili safi, hakuna rangi ya chai ya maziwa ya oili iliyochanganyika na maji. Moshi mweupe ulikuwepo, lakini Mbeya mwezi wa saba nani hatoi moshi mweupe asubuhi? Injini ilipopata moto ukakata.

Mfuniko wa rejeta niliubadilisha hata hivyo, mpira wake ulishapasuka. Huku tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na presha ndiyo inayochelewesha kuchemka, hivyo mfuniko usioishika unatuumiza kuliko watu wa Dar. Kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, ikaendelea kupungua.

Nikachora mstari kwa maka peni kwenye chupa ya akiba, nikawa naukagua kila injini ikipoa. Hapo ndipo mambo yalipoanza kueleweka. Siku za safari ya alfajiri, inashuka. Siku za mizunguko ya mjini mchana, haishuki, hata nikiwa na mzigo wa kupanda nao Uyole. Tofauti ilikuwa hita ya kupasha joto ndani ya gari: alfajiri tunaiwasha kwa sababu ya baridi, mchana tunaizima. Kwenye Hilux hizi za zamani kuna valvu ndogo inayovutwa na waya; lever ikiwa kwenye baridi, maji hayapiti kwenye rejeta ndogo ya hita. Magari mengine hayana valvu hiyo, maji yanazunguka humo muda wote, na mtego huu usingenisaidia.

Utingo wangu alikuwa ameshalalamika kwamba miguu yake inalowa. Tulisingizia mvua ya Tukuyu na buti zake. Nikanyanyua zulia upande wake: sponji ya chini imelowa, ukiigusa inateleza, na ina harufu tamutamu. Ule ukungu wa mafuta kwenye kioo cha mbele, ambao kitambaa kilikuwa kinausambaza tu, nao ulikuwa kulanti hiyohiyo.

Kuhakikisha, niliazima pampu ya kupimia rejeta, nikapampu presha hadi 0.9, namba iliyoandikwa kwenye mfuniko. Lever kwenye baridi, mshale umetulia. Lever kwenye moto, mshale ukaanza kushuka polepole. Nikaunganisha zile hozi mbili za hita zenyewe kwa zenyewe ili maji yasipite kwenye hita, nikatembea hivyo siku kadhaa huku tunatetemeka, na mstari haukusogea.

Wengine wangeiacha hivyo moja kwa moja. Dar sawa, Isyonje saa kumi na moja alfajiri hapana. Kwa bahati rejeta ndogo ilikuwa ya shaba, fundi rejeta akaichomea kwa risasi. Kuirudisha ndiyo kazi, maana dashibodi nusu nzima inashuka. Kujaza kulanti nilipandisha pua ya gari kwenye mwinuko, lever kwenye moto, mfuniko wazi, injini inaunguruma taratibu, naongeza kidogokidogo hadi hewa yote ilipotoka na matundu ya hita yakaanza kupuliza joto.