Divai ya Ufaransa Niliyorudi Nayo Sandukuni

Likizo yangu ya Septemba nchini Ufaransa iliangukia majuma ambayo supamaketi za huko huwa na mauzo maalumu ya divai, yaitwayo foire aux vins, na bei hushuka kiasi cha kumtia mtu tamaa. Sikugusa divai za eneo la Bordeaux zenye majina makubwa, kwa sababu hapo mnunuzi hulipia jina kabla ya kulipia kilichomo chupani. Nilielekea rafu za Languedoc, eneo la kusini mwa Ufaransa, penye divai za Corbières na Minervois, ambako euro 8 zilinipatia divai nyekundu nzito yenye harufu ya vichaka vilivyochomwa na jua. Kwa wapenda divai ya mapovu, Crémant de Loire, itokayo eneo la mto Loire, huchachushwa mara ya pili ndani ya chupa, kama ilivyo Champagne, lakini bei yake ni nafuu zaidi. Maneno vieilles vignes, yaani mizabibu mikongwe, kwenye lebo hayakunibabaisha, maana sheria haijaweka umri wa mizabibu hiyo. Chupa 6 za mililita 750 nilizivika soksi na kuzizungushia sweta katikati ya sanduku. Moja tu ndiyo iliyovuja, tena kidogo, ikaliachia shati langu jeupe doa la zambarau.