Dumu tupu na kamba inayoelea

Duka langu lipo Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka mwaloni, pale vyombo vya wavuvi vinapotua. Nauza nyavu, kamba, maboya, nanga, taa za sola za wavuvi wa dagaa na jaketi okozi. Kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya meza hii nimeyajua manunuzi ya mtu anayeanza uvuvi: nyavu kwanza, halafu taa, halafu kamba, kisha anahesabu pesa iliyobaki. Jaketi anauliza bei tu. Mzee mmoja wa Kayenze, mteja wangu wa siku nyingi, nilimsihi achukue hata mawili kwa ajili ya vijana wake. Akanijibu, "Mama Neema, mwanangu, sisi tumezaliwa majini." Nikamuuliza, "Baba, hao vijana wanajua kuogelea?" Akafikiri kidogo, akasema wawili wanajua. Chombo chake kinabeba wanne.

Watu hupenda kutaja mambo ambayo kila mtu anapaswa kuyajua maishani: kubadilisha tairi, kushona kifungo, kuwasha moto kuni zikiwa mbichi. Yote mazuri, na mwanangu nitamfundisha. Lakini kwa mtu wa Mwanza, Ukerewe, Sengerema au Musoma, nasema wazi kwamba la kwanza ni kujua kukaa juu ya maji, na la pili ni kujua kumtoa mwenzako majini bila kufa naye. Ziwa hili la Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu kubwa ya hizo haina mtu wa kukusikia ukipiga kelele. Ndege ilipoanguka ziwani pale Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliowahi kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Ilikuwa karibu kabisa na nchi kavu, tena mchana, na bado waliofika mwanzo ni waliokuwa jirani.

Malezi yetu kuhusu ziwa ni kukataza. "Usiende ziwani, kuna mamba." "Ukienda ziwani nitakuchapa." Mtoto wa kiume anakwenda kwa siri na wenzake, anajifunza anavyojua mwenyewe, na akizidiwa, wenzake wanaogopa kuja kusema. Mtoto wa kike hajifunzi kabisa. Na huyohuyo wa kike ndiye anayetumwa kila siku kuchota maji, kufua na kuosha vyombo akiwa amesimama majini hadi magotini, juu ya mawe yenye utelezi. Hili linaniumiza sana. Tunampeleka kwenye hatari kila asubuhi na tunamnyima elimu yake.

Anza na kuelea, kuogelea kutafuata. Anayetumbukia ghafla anahema ovyo, anainua mikono juu kama anayetafuta ngazi, na uzito wa mikono hiyo unamsukuma chini. Mfundishe kulala chali: masikio yawe ndani ya maji, kidevu kielekee juu, kifua kijae hewa, mikono iwe imetanda pembeni, miguu ipigwe polepole. Neema nilimfundisha tukiwa kwenye maji ya kiunoni, kiganja changu kikiwa chini ya mgongo wake. Kila alipoinua kichwa kunitazama, nyonga zilishuka na mwili wote ukafuata. Alipoyaachia maji masikio yake na kuangalia mawingu, nilitoa mkono na hakujua kama nimeutoa. Akishazoea, mfundishe tena akiwa na nguo zake za kawaida, maana hakuna anayeanguka ziwani akiwa amejiandaa.

Wanawake wenzangu, hili la nguo ni letu hasa. Kanga au kitenge kikilowa kinafunga miguu. Ukijikuta majini, kiachie kiende. Na mtoto mchanga usipande naye chombo akiwa mgongoni. Nimevuka kwenda kisiwa cha Ukara kwa mama mkwe mara nyingi na kila safari naona kina mama wameketi ubaoni, watoto wamefungwa mgongoni na mbeleko kwa fundo gumu. Chombo kikipinduka, mama akilala chali ili apumue, mtoto yuko chini ya maji. Mfungue kabla ya kupanda, mpakate mbele, na kama kuna jaketi la mtoto avae la kwake. Nikilisema hili kwenye chombo huwa wananitazama kwanza, halafu mmoja anaanza kufungua, wengine wanafuata.

Sasa kumwokoa mwingine. Usijitupe majini. Najua moyo unakusukuma, hasa anapozama mtoto wako, lakini anayezama hukumbatia chochote anachokifikia, na akikukumbatia shingoni mnakwenda wote. Lala kifudifudi ukingoni umpe kasia, mti, hata kanga iliyosokotwa. Akiwa mbali, mrushie kitu kinachoelea. Ukiwa na mtumbwi, mfuate kwa mtumbwi.

Kitu cha kurusha hakuna nyumba isiyo nacho: dumu. Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokaza linamshikilia mtu mzima kichwa kikiwa nje, na hata la lita 5 linasaidia kuliko mikono mitupu. Tatizo ni kwamba dumu tupu ni jepesi, upepo unalirudisha. Tia maji kidogo ndani, kiasi cha kikombe au viwili, ufunge. Litaruka vizuri na bado litaelea. Lirushe lipite nyuma yake, kisha vuta kamba ili limjie mikononi.

Kuhusu kamba, nisikilizeni mimi ninayeziuza. Si kila kamba inaelea. Ya nailoni huzama. Ya polipropilini, ile nyepesi inayokwaruza kiganja, huelea. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, mwombe kipande kidogo ukitie kwenye ndoo ya maji, utapata jibu lako palepale. Kamba ya uokoaji iwe inayoelea, ili aliyekosa dumu aikute kamba imelala juu ya maji. Mwisho wake mwingine piga kitanzi kisichokaza: tengeneza jicho dogo kwenye kamba, pitisha ncha kutoka chini kwenda juu kupitia jicho hilo, izungushe nyuma ya kamba ndefu, irudishe ndani ya jicho, kaza. Kitanzi hicho ukimvisha mtu kifuani na kuvuta hakimbani, na baadaye kinafunguka hata kikiwa kimelowa. Jizoeze ukiwa umefumba macho, kwa sababu mambo mengi mabaya ya ziwani hutokea usiku.

Na yapo mazingira yanayofanya usiku uwe hivyo. Jua likizama nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo unatoka pande zote za ufukwe kuelekea katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inasukumwa juu, na radi zinazaliwa hukohuko katikati. Ndiko waliko wavuvi wa dagaa na taa zao, usiku wa giza usio na mbalamwezi. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, ugawe kwa 3. Unapata umbali kwa kilomita. Hesabu ikipungua, kusanyeni nyavu mrudi. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na simu iwekeni kwenye kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, ikiwa na chaji. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Chombo cha mbao kikipinduka, baki nacho. Ufukwe unaonekana karibu kuliko ulivyo, na kichwa cha mtu mmoja kwenye mawimbi hakionekani, wakati chombo kilichopinduka kinaonekana kwa mbali. Na mkiwa mnakaribia kutua, kaeni. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kilikuwa kimekaribia Bwisya, Ukara, kule kwa mama mkwe wangu. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa ni 228. Watu wa Ukara hawahitaji kukumbushwa, na sisi wa Mwanza tuna makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba pale Igoma tangu Mei 1996. Kwa hiyo ninapomkatalia nahodha kupanda chombo kilichojaa na abiria wengine wakaanza kuguna kwamba nawachelewesha, naguniwa na bado sipandi. Kukataa nako kunafundishika. Neema ameniona nikikataa, na naamini siku nisipokuwepo atakataa mwenyewe.

Mtu akitolewa majini hapumui, hapa ndipo nimeona mambo yanayotia uchungu zaidi: anashikwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini, au anakandamizwa tumbo ili maji yatoke. Usifanye hivyo. Unapoteza dakika za thamani, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa, basi mpe hewa. Mlaze chali mahali pagumu, rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, upulize pumzi 5 huku ukiangalia kama kifua kinapanda. Bado hapumui? Weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu mara 30, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, kasi ya kati ya mara 100 na 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Kisha 30 tena. Endelea mpaka apumue au mpaka mhudumu wa afya afike, mkipokezana mkichoka. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe mdomo, uendelee. Na hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye.

Kuna mama atakayeniuliza: unatuambia tuwaingize watoto ziwani, na kichocho? Swali la haki kabisa. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu. Tafuteni mahali pasipo matete na majani, epukeni saa za mchana jua likiwa kali ambapo vimelea hutoka kwa wingi, na mtoto ameze dawa shuleni kampeni ikipita. Akipata dalili, kama damu kwenye choo au tumbo kuuma mara kwa mara, mpelekeni kituo cha afya; dawa ipo na inatibu. Wenye uwezo watumie bwawa la kuogelea la hoteli. Lakini ukweli ni kwamba mtoto wa mwaloni tayari anayaingia maji yale kila siku kwa ndoo na sufuria. Tofauti ni kama anajua kuelea au hajui.

Na kwa kuwa tuko kwenye maji, moja la haraka: kila mtu ndani ya nyumba ajue kuchanganya maji ya kumpa anayeharisha, hata mtoto wa darasa la nne. Lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari visivyojaa kilima, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Msizidishe chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kwenye mwalo wetu tulitundika dumu na kamba kwenye nguzo. Likachukuliwa, nadhani na mtu aliyehitaji kubebea maji, na sina kinyongo naye. La pili tulilipaka rangi nyekundu pande zote na kulikabidhi kwa mama lishe anayewasha jiko kabla hata vyombo vya dagaa havijarudi. Asubuhi analitundika, jioni analiingiza ndani. Lipo mpaka leo. Kama mwalo wenu unataka kufanya hivyo, njooni dukani na dumu lenu. Kamba inayoelea ya mita 20 nitawakatia kwa bei ninayonunulia, na kitanzi nitawaonyesha hapohapo mezani.