Mama Mkaguzi na kifungu cha sita

Jumatano ya tarehe 21 Juni 2023, Red Hat, kampuni ya Marekani inayouza mfumo wa kuendeshea kompyuta uliojengwa juu ya Linux, ilitangaza kwamba kuanzia hapo msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu hujengwa kwayo, itakaouweka hadharani ni wa CentOS Stream peke yake, toleo la bure linalotangulia mfumo wake mkuu, RHEL. Msimbo wa RHEL yenyewe, mfumo ambao mashirika hulipia, ungepatikana kwa wateja na washirika wao tu, kwa kuingia na nywila kwenye tovuti ya wateja. Wakati huo nilikuwa kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja Dar es Salaam, na karibu seva zetu zote, za matokeo, za barua pepe, za maktaba, zilikuwa zinaendeshwa na Rocky Linux. Wenye Rocky walikuwa wakichukua msimbo ule ule wa RHEL, wakaondoa jina na nembo za Red Hat kwa sababu hizo ni mali ya kampuni, wakaujenga upya na kuugawa bure. Sasa bomba lililokuwa likiwaletea maji lilikuwa limefungwa.

Hatukuwa wageni wa mambo haya. Tulikuwa tumehamia CentOS 8, nakala ya bure ya RHEL kama Rocky ilivyo, tukijua kwamba itahudumiwa mpaka mwaka 2029, halafu Desemba 2020 likatoka tangazo kuwa mwisho wake ni Desemba 2021. Mtaani kwetu, yaani mtaa wa watu wa seva, kila mmoja alinyooshea kidole kampuni ya IBM, iliyokuwa imekamilisha kuinunua Red Hat mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Gregory Kurtzer, mmoja wa walioanzisha CentOS, akaanzisha Rocky na kuipa jina la mwenzake wa enzi za mwanzo, Rocky McGaugh, aliyekwisha kufariki. Tukahamia huko.

Alhamisi asubuhi mkuu wa kitengo aliitisha kikao. Alikuwa na swali moja lililomnyima usingizi: je, chuo kinatumia mali ya wizi? Na kwa kuwa swali lenyewe lilinukia rejista ya vihatarishi, alimwita na mkaguzi wa ndani, mama mmoja mtu mzima ambaye maisha yake ya kazi yalikuwa yamepita kwenye mikataba ya pango la kantini na vibanda vya steshenari. Hakujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Tulimwamkia, akaketi, akafungua daftari.

"Mkataba uko wapi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba mkataba hakuna, kuna leseni. Programu moja ina hii, nyingine ina ile, lakini kiini chenyewe cha Linux kiko chini ya leseni iitwayo GPL, toleo la pili, la mwaka 1991. Akasema leseni ni mkataba tu, ichapishwe. Tukaichapisha. Sisi watatu wa kitengo tulikuwa tumeitetea leseni ile kwa miaka mingi kwenye mabishano ya chai, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kuisoma akiwa na kalamu mkononi. Yeye aliisoma na kalamu yake ya kijani, kimya, wakati sisi tunaendelea kulaumu mabepari.

"Baba," akaniita bila kuinua macho, "kifungu cha tatu kinasema anayekupa programu akupe na msimbo wake. Ninyi programu mmepewa na nani?"

"Na Rocky, mama."

"Na msimbo wa hiyo Rocky mnaupata?"

"Tunaupata. Uko wazi kwa kila mtu."

"Sasa Red Hat mnamdai nini?"

Kijana wetu wa mtandao aliruka juu. Akasema Linux imejengwa na maelfu ya watu duniani kote, wengi bila malipo, na Red Hat nayo imeokota humo humo, haiwezi kuchukua cha wote halafu ikafunga mlango. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, "Hilo liko kifungu cha ngapi?"

Halikuwepo. Pale ndipo nilipoelewa kitu ambacho tangazo lenyewe halikunifundisha. Leseni ile haiahidi kwamba dunia nzima itapewa msimbo. Anayetoa programu ana njia zaidi ya moja ya kutimiza wajibu wake, na mojawapo ni kumkabidhi mpokeaji programu pamoja na msimbo wake. Akifanya hivyo amemaliza, wewe uliyesimama nje ya foleni huna la kudai. Miaka yote Red Hat ilipoweka msimbo wake hadharani, kwanza kwenye seva yake ya kupakulia mafaili (FTP), kisha kupitia ghala la msimbo (git) la CentOS kuanzia mwaka 2014, ilikuwa imefanya zaidi ya ilivyolazimika. Sisi tuliizoea hisani ile mpaka tukaiona sheria.

Tena si kila kilichomo ndani ya mfumo kiko chini ya GPL. Nilipomwambia Mama Mkaguzi kwamba OpenSSH, tunayoitumia kuingia kwenye kila seva, ina leseni ya namna ya BSD isiyomlazimisha mtu kutoa msimbo hata kidogo, alivua miwani.

"Yaani hiyo wangeweza kuifunga kabisa?"

"Kabisa, mama. Toleo lao wao."

"Na ninyi hamkuliandika popote kama kihatarishi?"

Mkuu wa kitengo akaagiza chai.

Baada ya chai tukafika kifungu cha sita, na hapo kijana wa mtandao alichangamka. Kifungu hicho kinasema aliyepokea programu ana haki ya kuinakili, kuisambaza na kuibadilisha, na aliyempa haruhusiwi kumwongezea masharti mengine juu ya haki hizo. Basi mteja wa Red Hat akiupata msimbo, si anaweza kuugawa kwa Rocky? Mama akataka kuona mkataba wa wateja wa Red Hat. Uko wazi kwenye tovuti yao, tukaufungua. Mle imeelezwa kwamba kutumia huduma za usajili kwa ajili ya kusambaza programu kwa wengine ni kukiuka mkataba, na anayekiuka anaweza kusitishiwa usajili.

Alizisoma karatasi zote mbili, akarudia, akaziweka sambamba mezani. Hakuna wakati mwingine asubuhi ile aliokaa kimya kwa muda mrefu kama huo.

"Hawa wana mwanasheria mzuri," akasema hatimaye. "Hawakukatazi kugawa ulicho nacho. Wanakwambia ukigawa cha leo, cha kesho hupati. Cha kesho hakimo ndani ya leseni."

Nilibishana naye hapo, na mpaka leo ningebishana. Kwenye seva, cha kesho ndicho kila kitu. Mfumo unaishi kwa masasisho ya usalama, na tundu likigunduliwa leo, msimbo wa jana ni wa kuwekwa makumbusho. Haki ya kugawa, ambayo ukiitumia unanyimwa masasisho yote yajayo, kwangu ni haki ya kwenye karatasi. Nilimwambia kwamba kifungu cha sita kiliandikwa kuzuia jambo la namna hii hasa. Yeye akasema inawezekana ndiyo iliyokuwa nia, lakini nia haikuandikwa, na yeye hakagui nia. Hatukukubaliana. Kwenye daftari lake aliandika "tafsiri mbili" na kupiga mstari chini yake.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 26, Mike McGrath wa Red Hat alitoa maelezo marefu ya kujitetea. Kwa ufupi alisema kwamba wanaojenga upya msimbo bila kuuongezea chochote ni tishio kwa kampuni za programu huria, na kwamba kazi ya kurekebisha matoleo ya zamani kwa miaka kumi ina watu wanaopaswa kulipwa. Nilimpelekea Mama Mkaguzi. Alisema hoja ya mishahara anaielewa vizuri kuliko hoja zetu zote. Nami sikuwa na la kupinga hapo, maana marekebisho mengi tunayoyafurahia kwenye kiini cha Linux yameandikwa na watu wanaolipwa na Red Hat. Nilichompinga McGrath ni neno "tishio". Wale wanaojenga upya ndio waliotufundisha RHEL sisi tusio na bajeti, na siku chuo kingepata fedha tungeinunua kwa kuwa ndiyo tunayoijua. Mama alipouliza kama hakuna ya bure kutoka kwa Red Hat wenyewe, nilimwambia ipo, hadi mashine 16, ila ni kwa mtu binafsi.

"Chuo si mtu binafsi," akasema, na mjadala huo ukaishia hapo.

Julai ilikuwa kama sinema. Rocky walikuwa wameshaeleza kwamba wataupata msimbo kwa njia mbili: kwenye makontena, yaani vifurushi vya programu vilivyo tayari kutumika, ambayo Red Hat yenyewe huyatoa kwa umma, na kwa kukodi mashine ya RHEL kwenye wingu, inayolipiwa kwa kadiri inavyotumika, kisha kuchukua humo msimbo ambao aliyekodi ana haki nao. Tarehe 10 kampuni ya Oracle wakatoa waraka wa kutetea uhuru wa Linux, Oracle wale wale waliompeleka Google mahakamani kwa ajili ya Java, lugha ya kuandikia programu, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Tulicheka ofisi nzima. Kesho yake SUSE, kampuni nyingine ya Linux, wakasema watatenga dola zaidi ya milioni 10 kutengeneza tawi lao la RHEL, yaani nakala watakayoiendeleza wenyewe. Tarehe 13 AlmaLinux, wajenzi wengine wa nakala ya bure kama Rocky, wakaachana na lengo la kufanana na RHEL kwa kila kitu. Ingetosha programu za RHEL ziendelee kufanya kazi juu ya mfumo wao. Kwa maoni yangu hao ndio waliokuwa wakweli kuliko wote mwezi ule.

Kikao chetu cha pili kilikuwa kifupi. Mama Mkaguzi aliuliza kama kuna Linux isiyo na mwenye nyumba. Nikamtajia Debian, ya tangu mwaka 1993, inayoendeshwa na watu wa kujitolea wanaomchagua kiongozi wao kwa kura kila mwaka. Ikaamuliwa zilizopo zibaki Rocky, seva mpya zote ziwe Debian.

Faili likaenda kwa afisa manunuzi, likarudi. Alitaka proforma tatu. Nikamuuliza proforma ya kitu kisichouzwa inatoka wapi, akasema hilo ni langu, ila bila hizo faili halipiti. Mama Mkaguzi akaandika dokezo sabili la mistari miwili: bidhaa haiuzwi, ulinganisho wa bei hauhusiki, leseni imeambatishwa. Afisa manunuzi akalisoma, akapindua kurasa za leseni mpaka mwisho, akauliza kama Debian wana TIN. Nikamwambia hawana. Akaandika "hakuna" kwenye kisanduku, akagonga muhuri, na wiki iliyofuata tukaanza kusimika.