Sufuri Nukta Moja Saba

Ninaishi karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba kazi ngumu ya helikopta ya uokoaji ni kuruka. Niliacha kudhani hivyo jioni moja mpwa wangu aliponipigia simu kutoka Bonde la Teleki, Mlima Kenya, akisema kwamba mwenzao anatapika na hawezi kusimama kwa sababu ya hewa haba ya huko juu. Alinisomea kutoka kwenye simu yake namba za mahali walipo, nami nikawasomea watu wa helikopta.

"Sufuri, moja saba," nilisema.

"Moja saba ni nukta au ni dakika, ndugu yangu?"

Sikujua. Nilimpigia tena mpwa wangu, akajibu, "Mjomba, ni sufuri nukta moja saba, na mbele yake kuna kistari."

Simu yake ilikuwa imeandika nyuzi (digrii) kwa desimali, ilhali aliyekuwa akiandika upande wa pili alitumia nyuzi na dakika, kama ilivyo desturi katika urubani. Nyuzi moja ina dakika 60, basi nyuzi 0.17 ni dakika 10.2, na kila dakika ya latitudo, yaani ya kwenda kaskazini au kusini, ni takriban kilomita 1.85, kwa hiyo kama angeandika dakika 17, helikopta ingetafuta zaidi ya kilomita 12 kusini mwa mgonjwa. Kile kistari, ambacho nilikuwa nimekiruka kabisa, ndicho kilichoonyesha kusini. Bila hicho wangevuka Ikweta na kutua kilomita 37 hivi kaskazini. Hata ramani zetu za zamani za karatasi, zilizochorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, hupishana na GPS, mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali, kwa takriban mita 300, na katika bonde lenye ukungu na majabali umbali huo si mdogo.

Tangu hapo nawashauri wapanda milima wabebe kifaa cha dharura cha megahezi 406 chenye GPS ndani, kwa kuwa hicho hupeleka mahali kilipo moja kwa moja kwenye setilaiti bila kupitia midomo ya wajomba. Vingi hutoa pia ishara ya megahezi 121.5, ambayo setilaiti ziliacha kuisikiliza tarehe 1 Februari 2009, lakini helikopta yenye kipokezi chake huifuata hadi kwa mgonjwa.

Mgonjwa wetu alichukuliwa asubuhi, kabla mawingu hayajapanda. Mpwa wangu amebadilisha mpangilio wa simu yake, sasa huonyesha dakika, na badala ya kistari huandika herufi S, yaani kusini kwa Kiingereza.